Chai ya Watu Saba

Maringo, Nairobi
Alhamisi, saa kumi na moja jioni

Ndinda mwanangu,

Salamu sitaandika, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Yeye anasema huko magharibi asubuhi kuna baridi, wewe unasema huko ni joto tupu. Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha, kanisa la kusali na mahali pa kuficha nauli ya kurudi nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi na amekuwa akiyasema tangu Jumatatu. Mimi nina jambo moja tu. Nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalifupisha ili nionekane mzuri.

Jambo lenyewe ni la Jumamosi. Kesho unapanda basi, na Jumatatu saa moja asubuhi unaanza kazi katika kile kiwanda cha sukari, mkuu wa matengenezo, watu ishirini na watatu chini yako. Unajua pia kwamba Jumamosi Musyoka, fundi wa humo, anakungoja nyumbani kwake na mbuzi, pamoja na watu wa kwetu wanaofanya kazi humo. Usilolijua ni kwamba wazo la mbuzi huyo si la Musyoka, ni langu. Nilimwandikia mwezi uliopita nikamwomba akupokee, akukusanyie wale watu wa Ukambani sita walio katika sehemu yako, mle, mcheke, ili Jumatatu ukiingia uwe tayari na watu wako. Nilihesabu hivi: sita kati ya ishirini na watatu ni zaidi ya robo. Msichana wa miaka ishirini na saba akiwa na robo ya karakana nyuma yake, si rahisi kumwangusha.

Hesabu hiyo ni sahihi, nimeirudia mara mbili. Ubaya wake ni kwamba niliwahi kuitumia zamani, na ilimkata mtu vidole vitatu. Wewe ulikuwa shule ya bweni, na ulipokuja likizo tulikuambia tu kwamba baba ana shida kazini. Sasa nataka uijue yote kabla hujafika kwa Musyoka.

Nilipewa usimamizi wa karakana mwaka 1987, katika kile kiwanda cha bati ng'ambo ya reli. Unajua nilivyoingia pale: mfagiaji, mwenye darasa la saba, na cheti cha ufundi nikakitafuta kwa masomo ya jioni miaka minne huku wewe na kaka zako mkiwa mmelala. Kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha wahandisi wanne kutoka chuo kikuu jinsi ya kusikiliza kama beringi imeharibika kwa kuegemeza bisibisi sikioni. Wote wanne wakawa wakubwa wangu. Mmoja wao hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita "wewe mzee" nikiwa na miaka thelathini na minane. Sikuambii haya unihurumie. Wewe pia ni mhandisi wa chuo, na katika hao ishirini na watatu utamkuta mtu kama mimi. Atakuwa amenuna tangu zamani, na hajanuna kwa ajili yako, lakini wewe ndiwe utakayesimama mbele yake. Ukimjua mapema umepata nusu ya karakana.

Basi nikapewa watu kumi na tisa. Saba walikuwa wa kwetu, Musyoka akiwa mmoja wao. Watano walitoka Murang'a na Kiambu, wanne walitoka ziwani, wawili walikuwa Waluhya na mmoja Mtaita. Nilijua watu watanitazama kwa jicho la kabila, wangojee kuona nampendelea nani. Nikaamua kuwafunga mdomo kwa hesabu. Zamu za usiku na kazi za Jumapili niliziandika kwenye daftari na kuzigawa kwa mstari. Mwaka ulipoisha, aliyepata Jumapili nyingi alimzidi aliyepata chache kwa siku mbili tu. Nilimwonyesha kila aliyetaka kuona. Hakuna aliyelalamika, na mimi nikaenda nyumbani nikijua kwamba mimi ni mtu wa haki. Nilihesabu kila kitu, Ndinda. Kitu kimoja tu sikukihesabu, nacho kilikuwa maneno.

Nyuma ya karakana, penye tangi la maji, tulikuwa na jiko la makaa na birika kubwa jeusi. Saa nne sisi wa kwetu tulinywea chai pale, tumekaa kwenye mbao za kupakilia mizigo. Tulianza zamani, kabla sijapata cheo, na nilipopata sikuona sababu ya kuacha. Niliona fahari, kusema kweli. Wale wahandisi walikuwa wanaletewa chai ofisini kwa sahani, mimi nakaa chini na mafundi. Nikajiambia: hivi ndivyo mtu anavyoongoza bila kujitenga. Tulizungumza Kikamba, habari za mvua, za nani amezika, za mtoto wa nani amefaulu. Na katikati ya hizo, bila kujua, nilikuwa naendesha karakana. Musyoka akiniuliza mashine ya kukunjia itafunguliwa lini, namwambia. Mwingine akiniuliza kama ni kweli mwezi ujao tunapata mashine mpya, namwambia ninachojua na kwa nini. Wale kumi na wawili walikunywa chai yao langoni, kwa mama wa mandazi. Kwao yalifika maagizo tu: fanya hiki, acha kile. Sababu zilibaki kwenye birika.

Hakuna aliyewafukuza. Siku moja Njoroge alikuja na kikombe chake. Huyu Njoroge aliajiriwa mwezi mmoja na mimi, tuliingia lango lile pamoja. Kwa gia hakuna aliyemfikia, hata mimi.

"Hodi kwa wenye birika," akasema.

"Karibu, Njoro," Musyoka akamjibu. "Lete kikombe, lakini usiulize bei. Hapa hatuuzi."

"Nitakunywa kabla sijajua mmetia nini. Mkiniroga, mke wangu atakuja hapa na panga."

"Mkeo akija atabaki. Chai yetu ina maziwa."

Tukacheka sana. Kisha tukahamia Kiswahili kwa ajili yake, na mazungumzo yakafa kama injini iliyonyimwa mafuta. Tulikuwa katikati ya habari fulani na hakuna aliyejua jinsi ya kuitoa katika Kikamba. Mtu akamuuliza habari za ng'ombe wake. Akajibu wako salama. Mwingine akaziba pengo kwa kukohoa. Njoroge alimaliza chai ingali moto, akasema, "Asanteni, chai nzuri," akaenda zake. Hakuja tena. Mimi nikadhani hapendi majani mengi.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, niligundua kwamba winchi ya mnyororo iliyo karibu na mlango ina hitilafu. Tulikuwa nazo tatu za kuinulia vitu vizito, na hii breki yake ilikuwa imeanza kuteleza: inashika, halafu inaachilia. Ilikuwa saa tatu na nusu, nimeshika karatasi za kupeleka ofisini. Nikasema kibao cha kuonya kwamba isitumiwe nitakifunga nikirudi. Ofisini wakanichelewesha. Nilipotoka ilikuwa saa nne, nikapitia kwenye birika, na kati ya stori mbili nikasema kwa Kikamba kwamba ile winchi ya mlangoni isiguswe, inaachilia. Wakaitikia wote saba. Nikaweka alama moyoni: nimeshasema. Mtu akishaweka alama hiyo, hakumbuki tena amemwambia nani. Kibao sikukifunga.

Saa tano na dakika ishirini Njoroge aliinua sanduku la gia kwa winchi ile. Ilishika muda wa kutosha kumfanya aamini, kisha ikaachilia. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini. Musyoka ndiye aliyefika wa kwanza, akavua shati lake akamfunga mkono, kisha yeye na mwingine wakambeba mpaka kwenye pikapu. Nakuandikia hili usije ukamdhania Musyoka mtu mbaya. Tangu nimjue, sijamwona akimkimbia mtu aliyeumia.

Jioni ile sikujua kwamba nina kosa. Nilijua nina bahati mbaya. Kosa lilikuja siku ya tatu, nilipoitwa kwa meneja. Alikuwa mmoja wa wale wanne niliowafundisha, kijana mwerevu, kalamu mbili mfukoni.

"Ulijua winchi ni mbovu?"

"Nilijua."

"Waliambiwa?"

"Waliambiwa."

"Wote?"

Neno hilo dogo. Ningeweza kusimama hapo. Nilimtazama, nikafikiria kwamba huyu kijana anangoja sana kusikia kwamba mtu wa darasa la saba ameshindwa kusimamia karakana. Nikafikiria ada yako ya muhula wa pili. Nikasema, "Karakana nzima ilijua."

Akaniambia niandike. Nikaandika. Watatu kati ya wale saba, Musyoka mmojawapo, wakatia sahihi kwamba walinisikia nikitoa onyo saa nne. Hawakusema uongo hata mmoja, walinisikia kweli. Na mimi pia, ukiisoma ile karatasi mstari kwa mstari, huwezi kunishika. Kila neno lina mguu wa kusimamia. Lakini ukiijumlisha inasema kwamba Njoroge aliambiwa na akapuuza. Alipotoka hospitali alikuta barua ya onyo inamngoja, na kwa kuwa mkono haukuweza tena kazi ya gia, akawekwa langoni kuandika namba za malori. Aliziandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Nilipita lango lile kila asubuhi kwa wiki kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu nilizihesabu. Alinisalimia, nikamsalimia. Wiki ya kumi na moja, siku ya mvua, nikasimama chini ya paa lake ningoje ipungue. Akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye daftari:

"Kyalo, nikuulize kitu. Ile siku uliwaambia wapi?"

"Kwenye chai."

"Mlikuwa wangapi?"

"Saba. Na mimi wa nane."

"Karakana ina watu kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Basi sisi kumi na wawili ni nini?"

Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya. Mimi, ambaye ningekuambia Jumapili ya kila mtu bila kufungua daftari. Mvua haikupungua, nikaingia nayo.

Siku ile nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka miwili mapema. Nilichukua karatasi nikaandika kila agizo nililolitoa wiki nzima iliyopita, nililitoa wapi, na alikuwepo nani. Maagizo kumi na manne. Tisa niliyatoa kwenye birika. Yaani mtu kama Njoroge alifanya kazi akijua matano kati ya kumi na manne, na bado kazi yake ilikuwa bora kuliko yetu. Ukitaka kujua unawaongoza wangapi, usihesabu majina kwenye orodha. Hesabu wangapi wanajua unachokijua. Kwa kipimo hicho mimi sikuwahi kuongoza watu kumi na tisa. Niliongoza saba, wale wengine nikawatuma tu.

Nikarudi kwa meneja na nusu ukurasa. Niliandika kwamba onyo nililitoa kwa watu saba tu, kwa Kikamba, kwamba Njoroge hakuwepo na hakuambiwa na mtu yeyote, na kwamba kibao sikukifunga. Meneja aliisoma akanitazama.

"Mzee, faili hii imefungwa. Unataka nini hasa?"

"Nataka ifunguliwe."

"Unajua itakuwa na jina lako?"

"Ndiyo maana nimetia sahihi."

Barua ya onyo ikatolewa kwenye faili la Njoroge. Akarudishwa karakana, kwenye mashine ya kutoboa, kazi ya mkono mmoja na nusu. Hakuniambia asante, na alikuwa sahihi. Alinirudishia salamu kama kawaida, ila siku moja aliniuliza wewe umepata alama gani. Nikamwambia. Akasema, "Hesabu amepata A? Basi hakufuata yako." Huo ndio msamaha niliopewa, na nimeuweka.

Sitakudanganya kwamba ukweli ulinilipa. Nafasi ya mkuu wa karakana zote mbili ilipotokea, wote walijua nani anaijua kazi. Ile nusu ukurasa ikasomwa mbele ya kamati, na cheo kikaenda kwa kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye hajui kufunga mkanda wa mota. Nilimfundisha huyo pia. Walipopunguza watu, jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha, baada ya miaka ishirini na mitatu, kwa barua ya mistari minne. Ninalo hilo mpaka leo, na mama yako atakuambia ninalo usiku na mchana. Sisemi limeisha. Ningenyamaza ningepanda, najua hivyo. Lakini ningepanda juu ya mkono wa mtu, na kila asubuhi langoni ningeuona.

Wale saba ndio walionigharimu zaidi. Walisema nimewafanya waongo mbele ya meneja kwa ajili ya Mkikuyu. Musyoka, ambaye tulitoka naye kijiji kimoja, tukapanga naye chumba kimoja Makadara kabla sijamwoa mama yako, aliondoa kikombe changu kwenye birika na kuniletea mezani. "Chukua," akasema, "ukanywe na kumi na wawili wako." Hakunisemesha miaka mitatu. Alipopata kazi huko kwenye sukari aliondoka bila kuniaga. Mwaka juzi tu, tulipokutana kwenye mazishi ya mjomba wake, ndipo tulipopeana mkono. Kwa hivyo yule mbuzi hakuwa wako peke yako. Nilipomwandikia na akakubali, nilifurahi kwa ajili yangu pia. Nilikuwa namrudisha rafiki yangu kwa kukutuma wewe.

Baada ya Njoroge kurudi, nilianza kusimama na wote kumi na tisa kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Dakika tano kando ya mashine kubwa. Kiswahili. Kipi kibovu, kipi kinafunguliwa leo, kwa nini. Wiki mbili za kwanza walisimama kama watu wanaongoja mahubiri yaishe. Vijana wa mtaani walikuwa wanaiga Kiswahili changu cha Machakos nyuma ya mgongo wangu, na mmoja alikiiga vizuri hata nikacheka mwenyewe. Wiki ya tatu yule Mtaita, mtu ambaye sijui kama niliwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, akainua mkono akasema vali ya boila inavuja tangu Krismasi. Ilikuwa Machi. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Ningemwambia nani?" Hakunijibu kwa dharau. Alikuwa anauliza kweli.

Utasema, baba, haya ni ya zamani, mimi nimesoma, sitaongoza watu kwa Kikamba. Kwanza Kikamba chenyewe unakizungumza kama mtalii, na nyumbani hapa wewe na kaka zako mnaongea ile lugha yenu ya mtaani ambayo mimi hunipita kushoto. Lakini chai ya watu saba haihitaji Kikamba. Unaweza kuinywa na wahandisi wenzako, kwa Kiingereza. Unaweza kuinywa na wale vijana watakaocheka mzaha wako. Unaweza kuinywa na mwanamke mwingine mmoja utakayekutana naye humo, kwa sababu mmechoka kuitwa madam kwa sauti ile ya kejeli. Sitakulaumu. Kila mtu ana mahali ambapo ulimi wake unapumzika. Pumzika hapo. Kazi usiifanyie hapo.

Na kuna lile la Jumanne iliyopita, nimelifikiria nikiwa njiani kutoka Kariobangi. Ulikuja kibandani kwangu, pale ninapotengeneza pampu, ukamkuta fundi wangu Otieno amekwama na ile ya kisima. Ulimwangalia kama dakika mbili, kisha ukamwambia, "Lete hapa," ukachukua spana mkononi mwake. Uliimaliza kwa dakika nne. Nilikutazama kwa fahari ya mzazi, sikatai. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili, nilimwona Otieno. Ana miaka arobaini na moja, ana watoto watano, alisimama pembeni anapangusa mikono isiyo na uchafu. Siku nzima hakugusa pampu nyingine bila kuniuliza kwanza. Mtu ambaye huwa haniulizi chochote! Uliokoa dakika kumi ukanipotezea siku. Ungemuuliza tu amejaribu nini, angekuambia, na angeliona kosa akiwa katikati ya kukueleza. Nimeona hivyo mara nyingi. Huko una pampu nyingi kuliko dakika zako, na mikono arobaini na sita isiyo yako.

Nirudi kwenye Jumamosi.

Tangu jana nimekuwa nikijiuliza kama nikuambie haya na kukuachia uamuzi. Wewe ni mtu mzima, na hiyo ndiyo ingekuwa heshima. Lakini nilijua ungefanya nini. Ungekwenda, kwa sababu mzee amechinja na ni adabu kwenda, na ungejiambia kwamba ni chakula tu. Na kwa kila asiye na nia mbaya, ni chakula tu. Ila Jumatatu wale kumi na saba watakuwa wameshasikia. Kiwanda hakina siri ya nyama. Watakuwa wamekuweka upande kabla hujatamka jina lako, na wewe hutajua kwa nini hawakuambii kwamba vali inavuja.

Kwa hivyo leo mchana nilikwenda kwenye kibanda cha simu karibu na mahakama, nikapiga ofisi ya kiwanda, nikamwomba karani aniitie Musyoka. Nilingoja nikitia shilingi. Akaja anahema.

"Kyalo! Nimeshamnunua. Dume, mweupe, hata wewe ungeridhika."

"Usimchinje."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ndinda hatakuja kwako Jumamosi. Atafikia nyumba za kampuni, na Jumatatu mtamwona kazini pamoja na wengine."

"Pamoja na wengine." Alilirudia polepole. "Mtoto niliyembeba mgongoni Makadara. Kyalo, wewe bado uko na Njoroge?"

"Bado."

"Hii ni mara ya pili unanifanyia."

"Najua. Nimehesabu."

"Basi hesabu na hii: ya tatu haitakuwepo," akasema, na simu ikakatika. Shilingi zilikuwa hazijaisha.

Sitamrudisha tena, nadhani. Ana miaka hamsini na mitatu, nami hamsini na miwili, na wanaume wa umri wetu hawana nafasi ya kununiana miaka mitatu mingine. Nimeketi hapa na hilo. Lakini usiende kumwomba radhi kwa niaba yangu, hilo ni langu. Wewe una kazi nyingine naye. Musyoka ndiye fundi bora kuliko wote utakaowakuta, na wale watano wengine wa kwetu wanamfuata. Nilitaka uanze na watu sita upande wako. Sasa unaanza na sita waliokukasirikia, na kumi na saba wasiokujua. Nimekuharibia, na nimekuharibia makusudi, na ukitaka kunikasirikia una haki. Ila hakuna mmoja kati ya ishirini na watatu atakayekuwa amekula nawe kabla ya mwingine.

Jumatatu saa moja watakuwa wamesimama. Musyoka atakuwa nyuma kabisa, mikono mfukoni, anatazama dirisha. Usianze na walio mbele. Nenda mpaka alipo, mwamkie yeye kwanza, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wote wataisikia. Asipokuitikia, nenda kwa anayefuata.

Baba yako,
Kyalo